Kodi ya miezi sita itaisha siku mwenye nyumba atakapopata pa kushtaki

Mimi ni mtoto wa mwenye nyumba. Daftari la wapangaji nalishika mimi kwa sasa maana mama ameshakuwa mtu mzima, magoti hayamruhusu tena kuzunguka kugonga milango. Nyumba iko Tabata, zile za zamani za vyumba kutazamana na korido katikati, baadaye tukaongeza uani vyumba viwili vya chumba na sebule na mbele tukatoa fremu moja ya duka. Hela inayopatikana hapo ndo dawa za presha za mama, ndo ada ya mdogo wetu wa mwisho, ndo gari la majitaka chemba ikijaa, na choo cha watu wengi kinajaa haraka jamani. Kwa hiyo nikisema "sisi wenye nyumba" naomba mnielewe ni wenye nyumba wa aina gani, siongelei wenye maghorofa ya Masaki waliozoea kulipwa kwa dola, naongelea mjane, mstaafu aliyechukua mafao yake akayamalizia kwenye matofali, na watoto wa marehemu wanaogawana kodi ya vyumba vya urithi. Kwa ninavyouona mji huu sisi ndo tunaolaza watu wengi wa Dar. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 5,383,728 mkoa mzima, na hizo nyumba za mashirika unazozijua wewe zingelaza wangapi?

Sasa kila Januari mitandaoni ni kilio kimoja, wenye nyumba wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla mtu hajaingia, wengine mwaka mzima, serikali iko wapi. Na kila baada ya muda anatokea kiongozi kwenye mkutano anasema wenye nyumba acheni kuwanyonya wananchi, pokeeni kodi ya mwezi mwezi, watu wanapiga makofi, wiki inayofuata dalali anakuonyesha chumba na sharti ni lile lile miezi sita. Kwa nini tamko halifanyi kazi? Nina jibu langu na nalisema nikiwa upande wa wenye nyumba bila kuficha, sisi tunachukua miezi sita kwa sababu mpangaji akigoma kulipa hatuna pa kwenda. Hiyo miezi sita ndo mahakama yetu. Tukipewa mahakama ya kweli, ya haraka, ya gharama ndogo, mimi niko tayari kuiacha hata kesho, na wengi ninaoongea nao wako hivyo hivyo wakikaa chini wakapiga hesabu.

Lakini tuanze nyuma kidogo, maana chuki hii ina historia na vijana wengi hawaijui.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU na wa serikali kuwa na nyumba ya kupangisha, liliwekwa kundi moja na kuwa na hisa kwenye kampuni na kupokea mishahara miwili. Yaani kupangisha nyumba kulihesabiwa kuwa ni unyonyaji. Halafu Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majumba, nyumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe haishi humo yote ikachukuliwa, na kama ilikuwa imezidi miaka kumi tangu ijengwe mwenyewe hakulipwa fidia. Zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ndo maana wazee wa Kariakoo na Upanga mpaka leo ukiwauliza nyumba fulani ya nani wanakwambia "ya Msajili", ingawa Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) tangu 1990. Azimio la Zanzibar la 1991 likaja kulegeza lile sharti la viongozi, na leo ukitembea Dodoma au Dar utajionea mwenyewe nani anamiliki nini. Sheria imelegea ila lile neno mnyonyaji limebaki, na limebaki kwa mama yangu mwenye korido ya vyumba Tabata, siyo kwa mwenye ghorofa.

Upande wa kodi yenyewe tulikuwa na sheria ya kudhibiti pango, kwanza ya 1962, halafu ikaja ya 1984. Hiyo ya 1984 ilikuwa na meno kwelikweli. Kulikuwa na Mabaraza ya Nyumba ya mikoa na baraza la rufaa juu yake, kodi ilikuwa inapangwa, na kumtoa mpangaji ilibidi uende barazani ukaonyeshe sababu inayotambulika na sheria. Mama anakumbuka mtaani kulikuwa na watu wanalipa kodi ya kizamani mpaka mwenye nyumba anaona aibu kuidai, hainunui hata debe la chokaa, kwa hiyo hakuna aliyepaka rangi, paa likivuja mpangaji anaweka beseni. Nyumba nyingi za mjini zilichakaa miaka ile na sababu mojawapo ni hiyo. Mwaka 2005 Bunge likaifuta. Hoja ilikuwa kuacha soko lijiendeshe watu wavutike kujenga, na kiukweli watu walijenga, anayebisha aende Kimara, Mbezi, Chanika, Kigamboni akaone.

Kosa ni kwamba walipong'oa ule mti walifukia na kisima. Udhibiti wa bei ulikuwa mzigo sawa, uondoke, lakini yale mabaraza yaliyokuwa yanashughulika na pango tu ndo hayakupata mrithi wa aina yake. Tangu 2005 bara hatuna sheria maalumu ya upangaji wa nyumba za kuishi. Kilichobaki ni sehemu ya mikataba ya pango kwenye Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ambayo ukiisoma unaona kabisa aliyeiandika alikuwa anawaza mikataba mikubwa ya mawakili, siyo yule binti anayepanga chumba kimoja kwa mkataba wa kununua stesheneri.

Na ule mkataba wa stesheneri wote mnaujua. Karatasi moja, imetolewa kopi mpaka herufi zimefifia, juu imeandikwa MKATABA WA KUPANGA NYUMBA, halafu nukta nukta za kujaza jina, kiasi, tarehe. Kipengele cha tatu kinasema mpangaji hataruhusiwa kupangisha mtu mwingine, cha nne uharibifu wowote utakuwa juu ya mpangaji, cha mwisho kila upande utoe notisi ya mwezi mmoja. Chini shahidi. Shahidi ni dalali mwenyewe ambaye akishachukua mwezi mmoja wake humuoni tena. Humo ndani hakuna mstari unaosema paa likivuja nani anatengeneza na ndani ya muda gani, hakuna kodi itapandaje, hakuna tukigombana tunaanzia wapi. Makubaliano ya chini ya mwaka mnaweza hata kukubaliana kwa mdomo na sheria inatambua, kwa hiyo karatasi yenyewe kuna nyumba haipo kabisa.

Sasa mpangaji akishindwa kulipa unafanyaje. Nitawasimulia la kwetu moja, bila kumtaja mtu.

Tulikuwa na kaka mmoja fundi magari, chumba na sebule kule uani, ana mke na mtoto mchanga. Miezi sita ya kwanza alilipa vizuri tena kabla ya tarehe. Mkataba wa pili akaja na miezi mitatu akasema "dada nivumilie, hii nyingine nakumalizia, gereji mambo yamekaa vibaya", mama akasema mwache ana mtoto. Miezi mitatu ikaisha. Ukimpigia anapokea kwa heshima, shikamoo nyingi kwa mama, ahadi tarehe tano, tarehe tano ikifika simu haipatikani. Tukaenda kwa mjumbe, mjumbe akatukalisha, akaahidi. Tukaenda serikali ya mtaa, mwenyekiti akaandika kwenye kitabu chake, akaahidi tena. Tukaenda Baraza la Kata.

Hapa kuna kitu wengi hawakijui. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linaweza kuamua. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa likabaki na kazi ya kusuluhisha tu, likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku thelathini unachukua cheti chake unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wale wazee pale kata walikuwa watu wema, nasema kwa moyo kabisa, walimsikiliza kaka wa watu, wakatusikiliza na sisi, mzee mmoja akamwambia "mwanangu, hawa wenzio nao wanakula humo humo". Akasaini kwamba atalipa kidogo kidogo. Akalipa mara moja. Tulivyorudi wakasema sisi mwisho wetu hapa, nendeni wilayani.

Wilayani ni baraza lile lile linaloamua nani mmiliki wa kiwanja cha milioni mia, mipaka ya mashamba, ardhi ya urithi iliyogombaniwa na familia tatu, na wewe unaingia hapo na deni la chumba. Unahitaji mtu wa kukuandikia maombi, unalipia, unapangiwa tarehe, siku ya tarehe wazee wa baraza hawajatimia inaahirishwa, siku nyingine mwenyekiti ana udhuru inaahirishwa. Mimi nina kazi, kila tarehe naomba ruhusa. Nauli, wino, muda, ukijumlisha unakuta unadai deni ambalo kulidai kunaelekea kulizidi. Kabla hatujafika popote yule kaka alihama usiku, kirikuu ilikuja ikapakia, asubuhi mlango uko wazi, kitasa kimeondoka nacho na bili ya maji inasubiri kwa jina la mama.

Mama hakumlaani. Alisema tu anayefuata alipe yote kabla hajaingiza godoro.

Hiyo sentensi ya mama ndo sera ya nyumba za kupanga ya jiji hili. Haikuandikwa Dodoma, imeandikwa kwenye vichwa vya watu walioachiwa bili na vitasa. Yule mwenye nyumba anayekuambia miezi sita ukimchimba kidogo kila mmoja ana kaka wa kirikuu wake. Na anayelipia hasara ni mpangaji mwaminifu anayekuja baadaye, binti anayeanza kazi analipwa laki tatu, chumba elfu 70, miezi sita ni 420,000, mwezi wa dalali elfu 70, jumla 490,000 hajanunua hata ndoo. Anakopa. Anaanza maisha na deni la kausha damu kwa sababu ya mtu ambaye hajawahi kumuona. Hili linaniuma kwa kweli, nikiwa ndo mimi ninayezipokea hizo hela.

Wenye nyumba wenzangu sasa, na ninyi nawaambia. Kuna mambo tunafanya hayavumiliki. Kuweka kufuli juu ya kufuli la mpangaji, kung'oa mlango, kuezua bati mtu na watoto wake wako ndani, kukata umeme, kutupa vyombo nje mvua inanyesha. Hakuna sheria inayokuruhusu kujichukulia hatua hivyo, ukishtakiwa unaweza kujikuta unamlipa fidia yule yule anayekudai huruma. Najua mnasema tufanyeje sasa, nimetoka kusimulia, najua. Lakini mnaona picha ilivyo, sheria ikiwa haipo mwenye nguvu za mikono ndo anashinda, na mama yangu mwenye magoti mabovu hana nguvu za mikono. Mwenye nyumba mdogo hafaidiki na huu utupu. Anayefaidika ni mbabe, awe mwenye nyumba mbabe au mpangaji mbabe. Halafu hii tabia ya "asiwe na watoto", "asiwe mwanamke peke yake", "tunataka mwajiriwa wa serikali", nayo inatokana na hofu hiyo hiyo, unajaribu kusoma usoni nani atalipa maana hakuna chombo cha kukusaidia asipolipa. Ila hofu haihalalishi kumkatalia mama chumba kwa sababu mtoto wake analia usiku. Watoto walie wapi?

Tuje kwenye kodi za serikali maana hapa napo pamekorogwa.

Kodi ya majengo ilihamia kwenye LUKU Agosti 2021, ikaanza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu kwa ghorofa, mwaka 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500. Kwa serikali ni rahisi, hakuna wa kukwepa, naelewa. Lakini anayenunua umeme kwenye nyumba ya kupanga ni mpangaji. Mimi nina dada mmoja mpangaji wetu ana mita yake, alikuja na simu mkononi, "dada ona, nimeweka elfu tano yuniti zimekuja chache, wamekata elfu na mia tano, hii nyumba ni yangu?" Na yuko sahihi, kodi ni ya mwenye jengo. Sisi tunamrudishia, ipo kwenye daftari, kila akilipa pango tunaondoa. Lakini ni wangapi wanarudishiwa? Na mwenye mita tatu kwenye kiwanja kimoja asipofuatilia zikaunganishwa anaweza kukatwa kote kote. Mpango unaomkata mtu asiyehusika halafu unategemea wema wa jirani yake kumrudishia una kasoro, na sisi wenye nyumba ndo tungepaswa kuwa wa kwanza kulisema maana lawama zinakuja kwetu.

Nyingine ni ile ya asilimia 10. Zamani aliyekuwa anazuia asilimia 10 ya pango kupeleka TRA ni mfanyabiashara au kampuni, mfano yule wa duka la dawa kwenye fremu yetu anakata, anatuletea cheti, safi hakuna ugomvi. Sheria ya Fedha ya 2022 ikapanua ikataka hata mpangaji wa kawaida anayelala tu azuie. Nchi nzima ilichachamaa mnakumbuka. Ukimwambia fundi cherehani anayepanga chumba cha elfu 70 awe wakala wa TRA, akate elfu saba kwa mwenye nyumba wake ambaye anamuogopa, aende akapate namba ya malipo, wapi na wapi. Kinachotokea ni mwenye nyumba kupandisha ili baada ya makato abaki na kile kile, au wote wawili wanyamaze na mkataba usionekane popote. Na mkataba usipoonekana popote, siku ya ugomvi huna ushahidi, huna stempu, huna kitu, maana ukienda kudai utaulizwa kodi umelipa? Kwa hiyo kodi yenyewe inawasukuma watu kwenye giza ambako ndo wanaumizana.

Majirani zetu Kenya wana la kutufundisha kwa pande zote mbili, zuri na baya. Zuri, kodi ya mapato ya nyumba za kuishi inalipwa na mwenye nyumba mwenyewe kila mwezi, ni kiwango kimoja juu ya pango lote analokusanya, kilikuwa asilimia 10 na tangu Januari 2024 kimeshuka hadi 7.5, kwa mwenye mapato ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 za kwao kwa mwaka. Mpangaji hahusishwi, na aliye chini kabisa haguswi na hiyo. Baya, wana sheria ya kudhibiti pango yenye baraza lake, inawalinda wapangaji wa nyumba ambazo pango lake halizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha miaka ya themanini. Nenda Nairobi leo utafute nyumba ya 2,500 uone utapewa nini. Baraza lipo ila mlango wake umebaki mdogo mno kuliko watu. Ndo hatari ya kuandika bei ndani ya sheria, bei inakimbia sheria inabaki imekaa, na sisi tuliishaionja hiyo miaka ya themanini.

Kwa hiyo mimi siombi turudishe udhibiti wa bei. Naomba turudishe baraza.

Liwe chini kabisa, ngazi ya kata, hata kama ni wale wale wazee wa usuluhishi waliopo wapewe tena meno kwa madai ya pango tu, yenye kikomo cha fedha. Mwenye nyumba aende na mkataba na meseji za malipo, mpangaji aende na zake, waamue ndani ya mwezi mmoja. Kama mtu anadaiwa apewe muda wa kulipa au wa kuhama unaoeleweka, na ukifika asihame basi mtendaji asimamie, siyo mimi na kaka zangu na nyundo. Kama mwenye nyumba ameacha paa linavuja msimu mzima, baraza limwambie mpangaji tengeneza ukate kwenye kodi. Kama umepandisha kodi katikati ya mkataba, baraza likurudishe ulipotoka. Mkataba uwe mmoja wa serikali, wa Kiswahili, kurasa mbili, unapatikana bure ofisi ya mtaa, uandikishwe pale pale. Nani atakataa kuandikisha kama kuandikisha ndo tiketi ya kusikilizwa?

Na sisi tutoe nini? Tutoe miezi sita. Mpangaji aingie na mwezi mmoja na amana ya miezi miwili inayorudi akihama salama, halafu mwezi mwezi kwa simu. Chumba cha elfu 70 mtu anaingia na 210,000 badala ya 420,000, na laki moja na arobaini kati ya hizo ni yake bado. Sisi tumeanza hivi na vyumba viwili vya korido. Malipo ya simu yana raha yake, meseji inabaki, hakuna "nilimpa mama mkononi". Siwezi kusema ni suluhisho la kila nyumba, amana bila baraza nayo inaweza kudhulumiwa, mwenye nyumba anaila halafu mpangaji anazungushwa. Ndo maana narudi pale pale kwenye baraza, maana bila hilo kila utaratibu utakaobuni utaegemea roho ya mtu.

Najiuliza mbona wenye nyumba hatuna sauti. Madalali wana vijiwe vyao, bodaboda wana umoja na mwenyekiti na fulana, wamachinga nao wana viongozi wao. Sisi tumekaa kila mtu na geti lake, tunakutana msibani tu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulipita, mtaani kwetu nilihudhuria kampeni sikusikia mgombea akitaja upangaji, wakati nusu ya waliokaa kwenye viti vya plastiki pale ni wapangaji na waliotoa viti ni wenye nyumba. Habari za sheria ya sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na viwanja, zinasemwa miaka na miaka, na zinaposemwa wanaoitwa kutoa maoni ni makampuni na wathamini na mabenki. Wana haki yao. Lakini sheria ikiandikwa bila mtu wa korido kuwepo itakuja sheria ya leseni na faini, itamuuliza mama yangu cheti cha kitu ambacho hajawahi kukisikia, na hatapata baraza.

Mkutano wa mtaa ujao nimeshamwomba mwenyekiti aweke ajenda moja ya upangaji, amekubali. Ninataka tukae wenye nyumba na wapangaji kwa pamoja, siyo kikao cha upande mmoja, tuandike barua moja kwa mbunge na nakala kwa diwani na kwa wizara ya ardhi, mambo matatu tu: baraza la pango ngazi ya kata lenye kuamua, mkataba mmoja wa kuandikishwa mtaani, na kodi ya pango ilipwe na mwenye nyumba mwenyewe kwa kiwango kidogo kinachoeleweka badala ya kumfanya mpangaji mkusanyaji. Rasimu ninayo tayari. Aliye Tabata, Segerea, Kimanga, Vingunguti na anataka kuisoma aseme hapo chini nimtumie, aongeze, apunguze, na kama wewe ni mpangaji njoo pia, tena wewe ndo nakuhitaji zaidi maana barua ya wenye nyumba peke yao wataiweka kabatini.

Mama ameniambia nisisahau kuandika humo habari ya vitasa. Nimeiandika.